Uzoefu wangu na bunduki ya wenzo ya .22, na duka lililotuita wavivu watu wa Pwani

Nimekaa na hasira hii tangu kusi ilipoanza kuvuma, na nimejizuia kuandika kwa sababu nilitaka kwanza niwe na hakika kwamba kosa halikuwa langu. Sasa hakika ninayo. Bunduki niliyouziwa ilikuwa imekwisha kuharibiwa ndani ya duka kabla sijailipia, tena kwa mkono wa yule yule aliyenionyesha, na nilipoirudisha niliambiwa mbele ya wateja wengine: "Nyinyi watu wa Pwani ni wavivu, mnaacha chumvi inakula chuma, kisha mnakuja kulaumu watu."

Sababu ya kuchagua wenzo, yaani ule mkono wa chini ya bunduki unaovutwa chini na kurudishwa ili kutoa ganda na kutia risasi nyingine, ni nyepesi kueleza. Mimi hulenga kwa bega la kushoto, na bunduki nyingi za bei nafuu za kaliba hii ni za komeo la kuvutwa nyuma na kurudishwa, ambalo mkono wake umewekwa upande wa kulia, hivyo kila baada ya mlio mmoja mtu wa kushoto hulazimika kuuvusha mkono juu ya bunduki na kuipoteza shabaha yake. Wenzo uko chini, katikati, wala hauulizi unatumia mkono gani. Mwenzangu wa klabu ya shabaha aliniacha nijaribu uwanjani bunduki yake ya wenzo ya kampuni ya Henry, naye amesimama kando yangu, na siku hiyo hiyo nikajua ninachokitaka. (Wengi hudhani kampuni hiyo ndiyo ya Benjamin Tyler Henry, mbunifu wa bunduki ya wenzo ya mwaka 1860, sivyo, kampuni ya leo ilianzishwa mwaka 1996 na ikachukua jina tu.) Wazee wa klabu walinisifia Marlin 39A, inayofunguka vipande viwili kwa skrubu moja ya kuzungushwa kwa vidole. Browning BL-22 nayo, inayotengenezwa Japani, ina wenzo unaosogea digrii 33 tu, kiasi kwamba kidole hakina haja ya kutoka kwenye kifyatulio. Niliitamani, bei ikanirudisha nyuma. Niliyoinunua ni ya bei ya chini kuliko zote hizo, na jina lake silitaji kwa kuwa kiwanda chake hakikunikosea.

Kuhusu kibali sitasema mengi. Anayeishi Kenya anajua subira inayohitajika, na anajua kwamba hata idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo imeandikwa kwenye cheti. Hilo sililalamikii. Lipo kwa sababu nzuri.

Turudi dukani, jijini Nairobi. Kijana aliyenipokea aliniita "mzee wangu" kila alipofungua kinywa. Alinivutia kiti. Kisha akaichukua bunduki, akavuta wenzo, akafyatua bila risasi. Akavuta tena, akafyatua tena, huku akinitazama kwa fahari ili nione ulaini wake, labda mara ishirini kabla hajanipa mimi. Bunduki ilikuwa ya maonyesho, na ni wazi kwamba kila mteja aliyepita hapo alichezewa hivyo hivyo. Nilihisi si sawa, lakini nikanyamaza kwa adabu ya mgeni dukani, na kunyamaza huko kunaniuma hadi leo.

Asiyejua ubaya wa kufyatua bila risasi uko wapi na aelewe hivi. Katika risasi ya .22 fataki, yaani kile kiwashio cha baruti, haikai katikati ya kitako cha ganda. Imemiminwa ndani ya ukingo wake kuzunguka pande zote. Pini huupiga ukingo huo na kuubana dhidi ya mdomo wa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, na hapo ndipo moto unapozaliwa. Chemba ikiwa tupu, katika bunduki ambazo pini yake hufika mbali, hakuna ukingo wa shaba wa kulipokea pigo; chuma hupiga chuma. Kila pigo husukuma mdomo wa chemba kidogo kuelekea ndani, mpaka kinundu kidogo kinaota mahali ambapo ganda linapaswa kupita bila kuguswa.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika kisanduku cha kwanza cha risasi, takriban ganda moja kati ya matano lilibaki chembani. Navuta wenzo chini, ndoano ya kutolea ganda inateleza juu ya ukingo, ganda limekwama, na risasi inayofuata tayari inapanda kutoka kwenye mrija wa kuwekea risasi na kulisukuma kwa pua yake. Msimamizi wa uwanja alinisimamisha, na alikuwa na haki, kwa sababu risasi ambayo fataki yake iko ukingoni si kitu cha kushindiliwa kwa nguvu. Ikabidi kila mara niitoe bunduki risasi zote, niingize ufito wa kusafishia kupitia mdomo wa mtutu na kulisukuma ganda lirudi nyuma. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kwa muda mrefu mno, na niliimaliza nikiwa nimeketi benchi ya nyuma na kitambaa mkononi.

Nilipoirudisha, "mzee wangu" haikuwepo tena. Nilikuwa "wewe". Hakuitazama chemba, hakuwasha tochi, hakuuliza hata lilikwama ganda la namna gani. Aliposikia kwamba nimetoka Mombasa akacheka, akasema maneno yale ya uvivu na chumvi, na mwenye duka, aliyekuwa akisikia, hakumkanya.

Mtu wa Mombasa hafundishwi kutu na mtu. Nyumba yangu iko Kizingo. Nimeona madirisha ya chuma yakimegeka kama biskuti, nimebadilisha bawaba za mlango ule ule zaidi ya mara moja, na ninajua msimu gani unyevu unaingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Bunduki ile ilipanguswa na kupakwa mafuta jioni ya kila siku niliyoitumia, na hata nisipoitumia, miezi ya kusi haipiti siku mbili bila kitambaa cha mafuta. Ndani ya kasha lake la chuma kuna vifuko vya kunyonya unyevu ambavyo navikausha mara kwa mara. Kusema kweli, kutu niliyoiona ilikuwa kwenye vichwa vya skrubu mbili za kitako tu, ambazo ni za chuma cha ovyo.

Kwa kuwa sheria ya silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu asiyesajiliwa kufanya biashara ya kutengeneza bunduki, sikuweza kuipeleka kwa fundi yeyote tu. Nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye usajili. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hajaigusa bunduki akaniomba maganda. Nilikuwa nimeyahifadhi. Akayapanga kumi juu ya gazeti, alama ya pini ikielekea juu, akanipa kioo cha kukuzia. Kando ya kila alama ya pini palikuwa na mkwaruzo mwembamba kama wa ukucha, mahali pale pale, katika yote kumi. "Kutu, mwanangu, haichagui mahali pamoja," aliniambia. "Hii ni pini."

Hakutumia tupa, kwa kuwa tupa huondoa chuma kinachoubeba ukingo wa risasi. Aliingiza mchi mdogo wa chuma kigumu, laini kama kioo, uliochongwa kwa umbo la chemba, akakisukuma kile kinundu kirudi kilikotoka. Haikuchukua hata saa nzima.

Nilikusudia andiko hili liwe la kuwaonya watu wasiinunue kabisa bunduki ya wenzo ya bei nafuu. Siwezi tena. Tangu siku ile halijakwama ganda hata moja, wenzo umelainika, na kwa mita hamsini bunduki hii inaweka risasi zake karibu karibu kuliko nilivyostahili kutarajia kwa fedha nilizotoa. Ninaipenda. Ningeinunua tena, ile ile, lakini si iliyowekwa kwa maonyesho, na ningetaka nimulike mdomo wa chemba kwa tochi kabla ya kutoa hata shilingi. Anayetaka kuonyeshwa kifyatulio aombe kwanza ganda lililokwisha kupigwa litiwe chembani. Duka likikataa, atoke.

Kwa duka lile sina neno jema, na kila ninapodhani nimepoa nalisikia tena lile "wewe". Maganda kumi yale nimeyatia katika bahasha pamoja na risiti. Nitakapopanda tena kwenda Nairobi nitayamwaga juu ya meza ya mwenye duka, pamoja na kioo cha kukuzia, na nitasubiri ayatazame moja baada ya jingine.