Darasa la maongezi ya Kijerumani: mwezeshaji anayeongea peke yake

Nimevumilia vya kutosha. Kituo sikitaji, kipo hapa hapa Dar, na wengi tunaosoma pale ni wauguzi tunaosaka B2, ngazi ya juu ya kati ya Kijerumani, ili tukafanye kazi Ujerumani. Walitutangazia maongezi ya vikundi yenye mwezeshaji. Tulichopata ni bwana mmoja anayesimama mbele na kuongea yeye mpaka muda unaisha.

Jioni moja mada ilikuwa kama ndugu wa mgonjwa waruhusiwe kumwona saa yoyote. Mada tamu kwetu, kila mtu ana ya wodini ya kusimulia. Dada mmoja, muuguzi mkongwe aliyekuwa kimya tangu kozi ianze, akajitosa. Akaanza kueleza kwa nini usiku mgonjwa hutulia akiwa na ndugu karibu. "Kitenzi mwisho!" Bwana akamkata. Akaanza upya. "Mwisho, nimesema!" Mara ya tatu akacheka, akamwambia mbele ya wote: "Na kwa Kijerumani hiki unataka kuhudumia Wajerumani?" Dada akanyamaza. Hakuna aliyefungua mdomo tena jioni ile. Nilitetemeka kwa hasira.

Ndiyo, baada ya weil, yaani "kwa sababu", kitenzi huenda mwisho. Tunajua, tumejaza mazoezi ya hilo mpaka madaftari yamekwisha. Hiyo ni sarufi, ina kipindi chake. Mtihani wa kuzungumza wa B2 wa Goethe, ile taasisi ya lugha ya Kijerumani, unakukalisha na mtahiniwa mwenzako kama dakika 15: kila mmoja anaeleza mada yake na kuulizwa maswali, kisha mnajadiliana, huyu anatetea, yule anapinga. Mtu anayekatwa kila sentensi atajifunzia wapi kutetea hoja? Nilipolalamika mapokezi nikajibiwa, "Mzoeeni tu, ndivyo alivyo."

Hapo ningewapa sifuri. Lakini baadaye bwana alisafiri, akaletwa mama mmoja, na huyo siwezi kumnyima haki yake. Alitugawa wanne wanne, akatupa dakika mbili kila mtu aandike hoja zake kimya kimya. Mmoja akapewa kazi ya kuuliza tu, mwingine ya kupinga hata kama moyoni anakubali. Yeye akazunguka na kidaftari, hakumkata mtu. Mwishoni akaandika ubaoni sentensi tulizokosea, bila majina, tukazirekebisha wenyewe. Kitenzi cha weil nacho kilikuwemo! Na yule dada aliongea, jamani, mpaka akaombwa awaachie wenzake.

Basi kituo ni kizuri? Kwa siku zile, kizuri sana, sijapata darasa kama lile. Ila hapo ndipo hasira inaponirudia: wanaye mtu anayeijua kazi, halafu wanamfanya wa akiba! Bwana aliporudi tu, mama akaondolewa.

Mnaotaka kujiunga, kabla ya kulipa ulizeni maongezi yanaongozwa na nani. Wakimtaja yule bwana, ondokeni na hela yenu. Mimi nimeacha namba yangu mapokezi: mama akirudi kwenye ratiba wanipigie, nitalipa siku hiyo hiyo.