Iguazú: Maporomoko Mamoja, Hifadhi Mbili

Nilitenga siku mbili kwa ajili ya maporomoko ya Iguazú, moja upande wa Ajentina na nyingine upande wa Brazili, nikiwa na nia ya kuona jinsi nchi mbili zinavyoutunza msitu mmoja wa mvua uliopitiwa na mpaka.

Upande wa Ajentina, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1934, ndio unaomsogeza mgeni karibu zaidi na maji. Treni ndogo hupita taratibu msituni hadi mwanzo wa kivuko cha chuma, na kuanzia hapo unatembea juu ya mto mpana uliotulia kana kwamba hauna haraka ya kwenda popote, mpaka unapofika Koo la Shetani, ambapo maji huporomoka ghafla mbele yako na manyunyu yakakulowesha mwili mzima. Nilisimama pale kwa muda mrefu nikiwatazama ndege weusi wa jamii ya teleka, ambao hulipenya pazia la maji kwa kasi na kwenda kung'ang'ania mwamba ulio nyuma yake, mahali wanapolala na kulea makinda. Sijawahi kuona kitu kama kile.

Brazili, ambayo hifadhi yake ni ya tangu 1939, inayo njia fupi zaidi lakini inakuonyesha maporomoko yakiwa yamejipanga kwa karibu kilometa 3. Nilipenda kwamba magari ya wageni huachwa langoni na watu hupandishwa mabasi ya hifadhi, kwa sababu magari machache barabarani ni wanyama wachache wanaogongwa. Ila nilisikitishwa na helikopta za watalii zinazoruka kutoka upande huo. Mlio wake hausimami mpakani, na mgeni aliyeko Ajentina, ambaye hakukata tiketi yake, anausikia vilevile.

Huduma kubwa kuliko zote mgeni haioni. Jagwa, paka wakubwa wa mwituni wenye madoa wanaofanana na chui, hawajui mpaka, wanaogelea na kuvuka mto watakavyo, na kwa hiyo watafiti wa nchi zote mbili huwahesabu kwa pamoja kwa kutumia kamera zinazofungwa msituni. Mwaka 2005 walikadiriwa kuwa takriban 40 tu katika ukanda huu wote. Kufikia 2018 makadirio yalikuwa yamepita 100. Ongezeko hilo limetokana na doria dhidi ya wawindaji haramu, na pia mazungumzo ya subira na wafugaji wanaopoteza ng'ombe. Kwangu mimi, hiyo peke yake inatosha kuhalalisha kiingilio cha pande zote mbili.

Mafanikio hayo yangeweza kupotea. Upande wa Brazili, barabara iliyokata msitu katikati ilifunguliwa tena kinyume cha sheria, na mwaka 1999 UNESCO ikaiingiza hifadhi hiyo katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Iliondolewa mwaka 2001, baada ya barabara kufungwa. Tishio lililobaki liko juu ya mto, kwenye mabwawa ya umeme ya Brazili, ambayo yanaweza kubadilisha kiasi cha maji kinachofika chini.

Kwa anayepanga safari, ningeshauri aanze na Ajentina kwa treni ya asubuhi, kabla ya umati. Chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa vizuri. Nilimwona mama mmoja akinyang'anywa mkate na koati, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na mkia wa pete, huku watoto wakishangilia na mtu mwingine akimwongezea biskuti. Mabango ya kukataza kuwalisha yapo kila kona, nayo yana picha za mikono iliyoraruliwa, lakini siku hiyo hapakuwa na mhifadhi wa kumzuia yule mwenye biskuti.