Uzoefu wangu na FreePBX 17: kulinda simu za ofisi zenye matawi Kampala na Mbarara

Ninasimamia FreePBX 17, programu huria ya kuendesha mtambo wa simu za ofisi, juu ya mfumo wa Linux wa Debian 12, na ninaipendekeza kwa biashara yoyote ya Uganda isiyotaka kulipia leseni kwa kila simu ya mezani. Sharti langu ni moja na silegezi hata kidogo: ukurasa wa usimamizi usifikike kabisa kutoka intaneti.

Agosti 2025 lilifichuka tundu katika moduli ya Endpoint Manager (inayosanidi simu za mezani), lililosajiliwa kama CVE-2025-57819, lililompa mdukuzi mamlaka ya msimamizi bila kuulizwa nywila. Lilikuwa linatumiwa kabla kiraka hakijatoka, kwa hiyo hata nywila ya herufi 40 isingesaidia. Kilichosaidia ni poti 80 na 443 kufungwa kwa nje. Moduli hiyo iko salama dhidi ya tundu hilo kuanzia 15.0.66, 16.0.89 na 17.0.3, kulingana na toleo lako.

Ukikabidhiwa mtambo wa zamani, usiridhike na kuusasisha tu. Tazama kama kuna faili .clean.sh ndani ya /var/www/html, kama /etc/freepbx.conf imeguswa au imetoweka, kama jedwali la ampusers (la wasimamizi wa mtambo) lina jina usilolijua, na kama orodha ya simu zilizopigwa ina miito kwenda 9998. Ukikuta hata kimoja, jenga upya kutoka nakala rudufu ya kabla ya tarehe 21 Agosti 2025, kisha badilisha nywila zote, ikiwemo ya laini ya nje. Kiraka ni kufuli jipya, hakimtoi mwizi aliyeko ndani.

Fayawoli (kichujio cha mtandao) inayokuja na mtambo ni nzuri kuliko watu wanavyoisifia, ila eneo la Trusted hupita bila kukaguliwa chochote, na mafundi wengi huweka kadi zote za mtandao humo ili mambo yaende. Kadi inayotazama nje iwe Internet, ya ofisini iwe Local, na Trusted ibaki kwa anwani za msimamizi peke yake. Kwenye Fail2ban, programu inayozuia anwani zinazokosea nywila mara kwa mara, ninaweka makosa 5 ndani ya sekunde 3600 na zuio la sekunde 86400. Ukali huo una gharama yake: tawi zima hutoka kwa anwani moja ya IP, hivyo simu moja yenye nywila ya zamani huwafungia nje wote. Dawa ni kuunganisha tawi kwa VPN, yaani njia ya siri iliyosimbwa kupitia intaneti.

Mara nyingi fayawoli huzimwa kwa sababu ya sauti kusikika upande mmoja. Fundi huona RTP (itifaki inayobeba sauti) haipiti, hufungua kila kitu, sauti hurudi, na kesho yake programu za wadukuzi zinazotafuta mitambo kwenye poti 5060, ya itifaki ya simu ya SIP, zimeshafika. Tatizo huwa SIP ALG kwenye rauta (kipengele kinachobadilisha ujumbe wa SIP unaopita), au sehemu za External Address na Local Networks kwenye mipangilio ya SIP hazijajazwa. Zima ya kwanza, jaza za pili, ruhusu UDP 10000 hadi 20000 kwa anwani za mtoa laini tu.

Wanaofanya kazi wakiwa na data ya simu hubadilika IP kila saa, hivyo orodha ya anwani zinazoruhusiwa haiwafai. WireGuard, aina ya VPN, inawafaa: UDP 51820, na PersistentKeepalive ya sekunde 25 ili njia isifungwe na mtandao wa simu.

Sasa pesa. Anayeiba nywila ya namba ya ndani hupiga nje ya nchi usiku na wikendi, na salio la laini huisha kabla ya Jumatatu. Makosa huanzia kwenye Outbound Routes (kanuni za simu zinazotoka), pale fundi anapoandika “0.” yaani sifuri na chochote kinachofuata. Hapa Uganda simu za kimataifa huanza na 000, kwa hiyo mchoro huo unazipitisha zote. Andika 0ZXXXXXXXX: Z haikubali sifuri, X ni tarakimu yoyote, na urefu unabaki tarakimu kumi. Njia ya kimataifa iwe peke yake, nyuma ya PIN, na umwombe mtoa laini akuwekee kikomo cha matumizi cha siku. Kikomo hicho hufanya kazi hata mtambo wako ukiwa mikononi mwa mtu mwingine, ndiyo maana nakithamini kuliko vyote.

Nisichokipenda ni tahadhari za usalama kukaa kimya kwenye dashibodi. Weka barua pepe kwenye Scheduler and Alerts, uwashe masasisho ya usalama ya moduli yajiendeshe, na utume kwa akaunti halisi kupitia poti 587, kwani barua inayotoka moja kwa moja kwenye seva huishia kwenye taka.

Rekodi za simu nazo ni hatari mbili. Faili ya sauti ya WAV ya kawaida hula karibu MB 1 kwa dakika. Diski ikijaa, kumbukumbu za mfumo haziandikwi na Fail2ban inakuwa kipofu. Pia ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na zikivuja unatakiwa kuiarifu mamlaka mara moja. Zihamishie kwenye diski iliyosimbwa kila usiku, na folda yake, /var/spool/asterisk/monitor, isibaki na zaidi ya siku 30.