Mazoezi ya kuimarisha kiuno kwa fiziotherapi: nyota 4 kati ya 5

Jamani wenye maumivu ya kiuno hii ni yenu. Nimepitia haya mazoezi ya kuufanya mgongo wa chini utulie usitingishike, nikiongozwa na fiziotherapisti (mtaalamu wa tiba ya viungo), na bado nayafanya nyumbani, nayapa nyota 4, hiyo moja niliyokata nitaieleza.

Hayana mbwembwe kabisa, unahitaji mkeka tu. Mimi nilipewa yale matatu ya Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada. La kwanza unalala chali, goti moja umekunja, viganja chini ya kiuno, afu unainua kichwa na mabega kidooogo tu. La pili unalala ubavu unajinyanyua kwa kiwiko na magoti, ukishazoea unatumia miguu. La tatu unapiga magoti na viganja chini, unanyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, unabadilisha. Kila mkao unashikilia kama sekunde 10 unaachia, na raundi zinashuka, mfano mara 6, halafu 4, halafu 2, yaani misuli inajengwa ustahimilivu bila kuchoka mpaka mkao uharibike.

Sasa utamu wote uko kwenye kutotingishika. Fiziotherapisti aliniwekea fimbo juu ya mgongo nikiwa kwenye lile la tatu, ikidondoka naanza upya, na hapo ndo unaona kumbe kuinua mguu ni rahisi ila kuinua mguu kiuno kikiwa kimetulia ni kazi nyingine kabisa! Tumbo unalikaza kama mtu anataka kukupiga ngumi ila pumzi inaendelea kutembea, usiibane.

Na siyo hadithi tu. Mwaka 1996 watafiti Hodges na Richardson wa Australia walionyesha kwamba kwa wenye maumivu ya kiuno ule msuli wa ndani kabisa wa tumbo unachelewa kujikaza mtu akiinua mkono, na mwaka huohuo Hides na wenzake wakaona ile misuli midogo inayoshika pingili za mgongo hairudi yenyewe katika hali yake hata maumivu yakiisha. Huenda ndo maana mtu anapona, anainama kuokota kitu, maumivu yanarudi tena.

Nyota niliyokata ni kwa sababu ya wanaoyatangaza kama dawa kuliko zote. Uchambuzi wa 2016 wa Cochrane (mtandao wa watafiti wanaopima tafiti nyingi za tiba kwa pamoja) kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu haukuona tofauti kubwa kati ya mazoezi ya aina hii na mazoezi mengine, kwahiyo kama wewe unapenda kutembea au kuogelea na unafanya kweli, endelea usijione umekosa kitu. Mimi nayapenda kwa sababu yananifundisha kuinama na kunyanyua vitu vizuri, faida hiyo naiona kila siku.

Asubuhi ukiamka subiri kwanza, diski (ile mito laini kati ya pingili za mgongo) zinavuta maji usiku zinajaa, kuinama sana muda huo kunazibana zaidi. Na kama mguu unalegea, unapata ganzi sehemu za siri au mkojo na choo vinakutoka bila kujua, achana na mkeka nenda hospitali haraka siku hiyohiyo.

Huduma yenyewe usilipie vipindi vingi, lipia vichache mwanzoni akurekebishe mkao, afu urudi baadaye akuangalie tena akuongezee ugumu.