Moduli ya MAX7219 ya tarakimu nane: kwa paneli ya chombo cha anga, anza na hii

Wengi wakianza kujitengenezea paneli ya chombo cha anga cha kuigiza wanakimbilia kujaza vitaa vya rangi rangi vinavyowakawaka ovyo, mi naona vinachosha macho haraka sana. Kinachomfanya mtu asogee karibu ni namba zinazobadilika, maana namba zikikimbia unaamini kuna kitu kinapimwa humo ndani hata kama hakuna kitu. Ndo maana hii moduli nyekundu ya tarakimu nane, inayoendeshwa na chipu ya MAX7219, naisifia.

Tarakimu nane pamoja na nukta zake ni LED 64, ukiziunga mwenyewe hata kwa kuziwasha kwa zamu unakula pini 16 na Arduino Uno (ile bodi ndogo unayoiandikia programu) ina 14 tu za dijitali, sasa swichi utaziweka wapi? Hii chipu inataka waya tatu za data (DIN, CS, CLK) basi, halafu unaunga moduli ya pili kwenye tundu la kutokea la ile ya kwanza na waya za Arduino zinabaki zilezile tatu. Mwangaza una ngazi 16 na unaubadilisha kwenye programu, kwa hiyo ukibonyeza "hatari" namba zinawaka kwa nguvu, ukizima injini zinafifia taratibu, aisee hapo hata mtu mzima anataka kubonyeza.

Kuna kitu wauzaji hawakisemi. Ukiiwasha tu inakaa kimya, hakuna hata mstari, na watu wanairudisha dukani wakidhani imekufa. Haijakufa, hii chipu huanza ikiwa imelala, mpaka uiamshe, kwa LedControl (laibrari ya Arduino ya kuendesha chipu hii) ni shutdown(0,false) halafu weka mwangaza. Na ikiwaka yote kwa mpigo bila kuambiwa au ikionyesha takataka, angalia umeme kwanza: kepasita ya mikrofaradi 10 na nyingine ya 0.1 karibu kabisa na chipu zinatuliza mambo mengi.

Mnaotumia bodi ya ESP32 badala ya Arduino Uno muwe makini. Chipu ikilishwa volti 5 inataka ishara isiyopungua volti 3.5, ESP32 inatoa 3.3, kwa hiyo inaweza kufanya kazi vizuri mezani halafu ikachanganyikiwa ukishafunga boksi na waya zimekuwa ndefu. Weka 74HCT125 katikati, ni chipu ya kupandisha ishara hadi volti 5. Umeme nao: ikiwaka 8 zote kwa mwangaza wa juu, moduli moja inaweza kufika miliampia 300 na kitu, kwa hiyo mbili tayari zinaishinda USB ya kompyuta ya miliampia 500, tafuta adapta ya volti 5 au punguza mwangaza, na kiukweli ndani ya nyumba hutahitaji ule wa juu kabisa.

Herufi ni chache, ile fonti iliyomo ndani ya chipu ina namba, kistari, na E, H, L, P. Yaani HELP inaandikika bila shida, sijui aliyeichagua alikuwa anawaza nini lakini kwa chombo kinachopotea angani inatosha kabisa! Ukitaka herufi nyingine unawasha vipande vya tarakimu kimoja kimoja.

Moduli nyingine, TM1638, nayo ina tarakimu nane, tena na vitufe nane na taa nane, ila vitufe vyake ni vidogo na viko palepale kwenye bodi, huwezi kuvipanga utakavyo, wakati utamu wote wa paneli uko kwenye ile swichi kubwa yenye kifuniko chekundu unachokiinua kwanza.

Nyota nne. Ya tano nimeibana kwa sababu bila kuweka plastiki nyekundu au ya kijivu mbele, vipande visivyowaka navyo vinaonekana, 8 hafifu kama vivuli zimejaa kila mahali, na inapoteza ladha yote, kwa hiyo hesabu na hiyo plastiki kabla hujakata mbao.