Tangi la esansi kwa boti ya Kivu: anza na kifuniko

Anayetafuta tangi la mota ya boti hapa Goma huuliza kwanza lita ngapi na dola ngapi. Nakuomba ushike kifuniko kwanza, uone tangi linapumua vipi. Esansi, yaani petroli, hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi kali ya chini ya sifuri, sembuse jua la saa sita. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, shinikizo la hewa ni dogo kuliko la Mombasa, kwa hiyo esansi huku hufanya mapovu mapema zaidi. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hushuka ukatulia chini ya boti, penye miguu ya abiria na mizigo yao. Cheche moja tu inatosha.

Namba moja kwangu ni tangi la plastiki nzito la lita 24 au 25, lililotengenezwa kwa ajili ya mota za boti, lenye skrubu ya hewa juu ya kifuniko. Unafungua skrubu kabla ya kuwasha, unaifunga ukishafika. Ukisahau kuifungua, tangi linajikunja na mota inakuzimikia ziwani; wengi hukimbilia kufungua kabureta, kumbe ni skrubu. Kagua ringi ya mpira ndani ya kifuniko. Kagua pia kiungo cha mpira na mota, maana cha Yamaha hakiingiani na cha Suzuki.

La pili ni lile linalojifunga lenyewe. Marekani, tangu 2011, matangi mapya ya kubebeka lazima yazuie mvuke hadi kilopaskali 34.5. Hewa inabaki safi, nalipenda kwa hilo. Lakini juani linavimba, na msukumo ule hupeleka esansi kwenye mota hata ikiwa imezimwa, ikavuja hapo. Linunue pamoja na vali ya kuzuia msukumo. Muuzaji akikosa vali, rudi kwenye namba moja. Mota ikizimwa, chomoa mpira unaopeleka esansi, kisha legeza kifuniko polepole, mbali na sigara na jiko.

La chuma ni la tatu. Linavumilia kugongwa, ila unyevu wa usiku huacha maji ndani na kutu inaanza.

Bidoni, yaani dumu la manjano la mafuta ya kupikia, naiweka mwisho kabisa, hata kwa safari ya kisiwa cha Idjwi. Haina njia ya hewa, basi watu hutoboa kifuniko wapitishe mpira, na tundu lile halifungiki tena. Wimbi likiilaza, esansi inawamwagikia abiria. Watoto hupanda boti hizi.

Tangi lolote lijazwe nchi kavu, likiwa limewekwa chini, si ndani ya boti. Esansi ya kadhafi, muuzaji wa mafuta wa barabarani, ipitishe kwenye chujio. Acha nafasi: lita 20 zikiongezeka joto digrii 20, hupanda karibu mililita 400, kwa hiyo tangi la lita 25 usilivushe 22. Liweke kivulini, penye upepo.

Dukani, kabla ya kulipa, ziba mpira wa esansi upande wa mota na uukamue ule mpira wa mkono, tufe la kupampu lililo katikati yake, hadi uwe mgumu. Ukilegea, unavuja, dai mwingine.