Bima ya NHIF kwa mwajiriwa wa Mbeya: nani analipa nini

Mchango wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ni asilimia 6 ya mshahara, mwajiri 3 na wewe 3. Kwa mshahara wa 600,000 unakatwa 18,000, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Mgawanyo huu ni wa haki, maana mwajiri naye ananufaika na mtu mwenye afya. Kadi inabeba mwanachama, mwenza na wategemezi wanne.

Panapokwama ni dirisha la dawa: umeshaonwa na daktari, unaambiwa dawa haipo. Usitoe fedha mfukoni kwanza. Omba fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lenye mkataba na mfuko, ukague imegongwa muhuri. Kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, beba barua ya rufaa.